Noti za Mahari Chini ya Taa ya Zambarau

Mwenye duka alizima balbu kwanza, akavuta pazia la mlangoni nusu, ndipo akawasha ile taa yake. Kilikuwa kidude cheusi cha plastiki kilichokaa kaunta karibu na mizani, na ndani yake mlikuwa na mrija mfupi uliotoa mwanga wa zambarau. Akaisukuma noti ya kwanza chini ya mwanga. Ikawaka buluu, kutoka pembe hadi pembe. Ya pili ikawaka. Ya tatu na ya nne vilevile.

Aliziweka kando, akazibana kwa jiwe la mizani.

“Mama,” alisema hatimaye, “hizi umezipata wapi?”

Mama niliyefuatana naye ndiye aliyekuwa na nyumba niliyopanga chumba, Kiegeani. Ni mjane anayenunua pweza kwa wanawake wanaoteremka mwambani maji yakitoka, kisha yeye anawauzia wenye magari ya barafu. Siku ile ilikuwa Alhamisi. Kesho yake, baada ya sala ya Ijumaa, mwanawe wa pekee alikuwa anaoa Kirongwe, na mahari yote ilikuwa kibindoni mwa mama, noti thelathini za elfu kumi, zile nyekundu ambazo sisi watu wa bara tunaziita misimbazi. Kijana mwenyewe alikuwa bado dago, kambini Shungimbili na wavuvi wenzake, arudi alfajiri aoge maji baridi na kuvaa kanzu. Sisi wawili tulikuwa tumekuja Kilindoni kumalizia begi la biharusi. Khanga zilishakunjwa, manukato yalishafungwa kwenye gazeti, na fedha nyingine aliyoiweka kwa ajili hiyo ikapungua. Mama akachomoa nne kwenye zile za mahari, akasema atazirudisha jioni, gari la barafu likipita.

“Nimezipata kwa pweza wangu,” alijibu. “Kwani zina nini?”

“Zinawaka, mama.”

“Zinawaka moto?”

Nje, barazani mwa duka, fundi cherehani alisimamisha mashine yake. “Mama, Kiegeani mmefungua kiwanda hamtwambii?”

“We shona,” mama alimjibu bila kugeuka. “Suruali ya mjomba wangu uliipindisha mguu mmoja, unataka kuniambia habari ya viwanda?”

Mwenye duka hakucheka. Familia yake ilitoka India siku za babu wa babu yake, na yeye amezaliwa palepale Kilindoni, Kiswahili chake ni cha kisiwani kuliko changu. Siku nyingine yoyote angekuwa wa kwanza kucheka. Lakini alikuwa amepigwa noti tatu za bandia wiki chache nyuma, ndiyo maana akaagiza taa Dar es Salaam, na tangu ifike kila mteja alipimwa kama mgonjwa.

“Unazo nyingine kama hizi?” aliuliza.

Nilimgusa mama kiwiko. Nilitaka anyamaze, tutoke, tufikiri kwanza. Alinitazama kama mtu aliyesukumwa, akafungua pindo la khanga na kuweka kitita chote kaunta.

“Zipime zote. Mimi sina cha kuficha.”

Akazipima. Ilichukua muda mrefu. Kila noti ilipoingia chini ya taa nilisema moyoni, hii sasa itakaa giza kama noti halali, na kila moja ikawaka. Alipomaliza ya mwisho, fundi alikuwa keshaacha cherehani na kusimama mlangoni, mkono mmoja huku na mwingine huku. Hapakuwa na nafasi ya mtu kupita.

“Mama, wewe ni kama mzazi wangu,” mwenye duka alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. “Lakini nikikurudishia hizi, kesho zitakuwa duka la jirani, naye ataniuliza kwa nini niliziachia. Siwezi kuzipokea na siwezi kuzirudisha. Inabidi nipige simu polisi.”

“Polisi? Mie?” Mama alishika ukingo wa kaunta. “Mwanangu anaoa kesho.”

“Najua.”

“Watu wa Kirongwe wameshapika. Niende niwaambie nini?”

Hapo fundi akanigeukia mimi. “Na huyu dada? Si ndiye aliyesema alifanya kazi kwa wachapaji?”

Ni kweli nilisema. Hiyo ndiyo shida yangu ya tangu utotoni, nikijua kitu siwezi kukaa nacho. Niliacha shule darasa la sita, na tangu hapo nimekaa mji mmoja mwaka, mwingine miezi, nikiuza chakula, nikichambua dagaa, nikilea watoto wa watu. Dar nilipata kazi kwenye duka la kuchapa kadi za harusi. Nilikuwa nafagia vipande vya karatasi, lakini mzee wa mashine aliniona nauliza sana akanifundisha. Aliniambia karatasi ya kawaida imetokana na miti, na wanaoitengeneza huitia dawa ya kuifanya ionekane nyeupe. Noti imetengenezwa kwa pamba. Ndiyo maana unapoipapasa inakujibu, na ukiikunja haikatiki mapema. Wino wake umesimama juu ya karatasi, ukipitisha kucha unakwaruza. Ukiiinua kwenye mwanga, upande ulioachwa mtupu kuna uso unaokutazama kutoka ndani, haukuchapwa juu wala nyuma. Na ule uzi unaozama na kuibuka, ukiinamisha noti, mng'ao wake unahama.

Yote hayo nilikuwa nimemweleza fundi yule majuma mawili kabla, nikiwa nasubiri gauni. Nilimwonyesha hata michirizi iliyoinuka pembeni, ya kuwasaidia wasioona kujua ni noti ipi. Alifurahi kweli siku ile. Aliniita mwalimu.

“Alinifundisha noti yote,” sasa alimwambia mwenye duka. “Uzi, sura, kila kitu. Nikasema huyu mwanamke huyu, kajuaje?”

“Nimejua kwa kuuliza,” nilisema.

“Umeulizia wapi? Gerezani?”

Mwenye duka aliinua noti moja, akainusa. Uso wake ukabadilika. “Na mbona zinanukia udi?”

Hilo lilikuwa na jibu jepesi, na mama alilitoa kwa hasira. Fedha ya pweza inanuka. Wanaoipokea ni wanawake waliokwisha kumpiga pweza juu ya jiwe mpaka alainike, na mikono yao haikauki mpaka magharibi. Noti inalowa ute na maji ya chumvi, inakauka, inalowa tena, na baada ya msimu mmoja ukiifungua chumbani paka anainua kichwa. Fedha kama hiyo unanunulia unga. Huwezi kuiweka kwenye sinia la mahari, chini ya kitambaa cheupe na asumini, mbele ya mashangazi wa biharusi. Huko Kiegeani mama mwenye mwana huikosha. Huifukiza. Kila mtu anajua.

“Unafua pesa?” mwenye duka aliuliza.

“Wewe unafua nini, nguo tu? Mama yako, Mungu amrehemu, alikuwa hapokei noti yangu mpaka niipitishe limau.”

Alitabasamu kidogo, bila kutaka. Kisha akarudisha noti chini ya taa, kama vile udi ungeweza kuizima. Na hapo ndipo nilipoona.

Alikuwa amevaa kanzu nyeupe, tayari kwa adhuhuri. Mkono wake ulipoingia ndani ya ule mwanga wa zambarau, pindo la kanzu likawaka. Buluu ileile. Noti na kanzu vilikuwa na rangi moja, huwezi kusema moja inaishia wapi.

Nilielewa mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, noti zilikuwa nzuri. La pili, aliyeziharibu ni mimi.

Mama alitaka kuzikosha kwa maji ya limau, kama alivyofanya mama yake. Mimi ndiye niliyemwambia limau halitoshi. Mimi ndiye niliyekwenda kununua pakiti ya sabuni ya unga, ile inayosema nguo nyeupe zitakuwa nyeupe zaidi, nikaikoroga kwenye beseni na kuloweka noti thelathini tangu asubuhi mpaka jua la utosini. Nikazianika juu ya kitanda cha kamba na kuzifunika chandarua zisiruke. Zilitoka safi, nikajisifu. Sikuwaza kwamba ile sabuni inaacha kitu kwenye pamba, kitu cha kuing'arisha, na kwamba pamba ni pamba, iwe kanzu au noti.

“Ni sabuni,” nilisema. “Tazama mkono wako.”

Mwenye duka alitazama. Aliurudisha mkono nyuma, akauingiza tena.

“Hiyo ni nguo,” fundi alisema kutoka mlangoni. “Nguo si noti.”

“Ni pamba zote mbili. Chukua noti yako nzuri kwenye droo, uipime, uifue kwa sabuni hiyohiyo, uipime tena. Ikikaa giza, piga simu.”

“Noti yangu?” Mwenye duka aliweka kiganja juu ya droo. “Nifue noti yangu, iwake, nibaki na noti thelathini na moja za kuelezea? Fua ya kwako.”

Nilikuwa na moja tu. Nilikuwa nimeikunja nyuma ya simu yangu, ndani ya kava, na ilikuwa na kazi yake. Jumamosi nilikuwa nataka kuvuka kurudi bara kwa boti ya Nyamisati. Nilishakaa Mafia miezi minane, na miguu yangu ilikuwa imeanza kuwasha. Nikaitoa, nikampa. Aliipapasa, akaiinua dirishani aone uso, akaiweka chini ya taa. Ilikaa giza, isipokuwa zile alama chache zilizofichwa humo makusudi. Ilikuwa noti safi. Nilikunja pembe moja ili mtu asiseme imebadilishwa, nikamwomba pakiti ya sabuni.

“Mia tano,” alisema, kwa mazoea, kisha akaona haya akanipa bure.

Tuliiloweka kwenye kibeseni barazani, mbele ya macho ya fundi. Mwenye duka hakuwa na subira. Baada ya dakika chache aliitoa, akaikamua kwa vidole viwili, akaiweka chini ya taa ikiwa majimaji. Palionekana ukungu tu pembeni, kidogo sana, kitu ambacho mtu angeweza kusema amekiona au hajakiona.

“Haiwaki,” fundi alisema.

“Haijakolea. Zetu zilikaa nusu siku.”

“Nusu siku! Anataka tukae naye nusu siku, polisi wakienda kula.”

Adhana ikaadhiniwa. Mwenye duka alifungia noti za mama kwenye droo, akatia ufunguo mfukoni. Akasema noti yangu ikae majini mpaka atoke msikitini, na akitoka, liwalo na liwe, atapiga simu. Fundi akaachwa mlangoni, yeye atasali zamu ya pili. Alikaa kwenye mashine yake bila kushona, akitutazama kama mbuzi wa kuuzwa.

Mama aliomba maji, akatia udhu, akasali kwenye kona ya baraza juu ya mkeka wa duka. Mimi nilikaa karibu na beseni, nikikoroga kwa kidole. Tembo aliyechorwa kwenye noti alikuwa anaelea na kuzama kwenye povu. Nilifikiri juu ya kijana aliyekuwa Shungimbili wakati ule, labda anakunja nyavu, labda wenzake wanamtania habari za usiku wa kesho. Nilifikiri mtu anaanzaje kumwambia.

Mama alitoa salamu kulia na kushoto, akabaki amekaa palepale, miguu ameikunja. Aliongea bila kunitazama.

“Siku ile nilipokwenda kisimani. Ulibaki nazo peke yako.”

Nilidhani sikusikia vizuri.

“Zilikuwa kitandani, chini ya chandarua,” aliendelea. “Nilikaa kisimani sana. Foleni ilikuwa ndefu.”

“Mama, unaniuliza nini?”

“Sikuulizi. Nasema nilikaa sana.”

Katika maisha ya kuhamahama nimeitwa mwizi mara mbili, na mara zote mbili na watu ambao sikuwapenda, kwa hiyo haikuuma. Hii iliuma. Kwa miezi minane tulikula sahani moja. Alinifundisha kumgeuza pweza kichwa ndani nje, na nilipopata homa alinikanda kwa maji ya moto na majani ya mwarobaini. Nilitaka kusimama niondoke, nimwachie beseni na noti na kila kitu. Fundi alikuwa mlangoni, na hata asingekuwapo, nisingeweza kumwacha mama.

“Sabuni nilinunua mimi,” nilimwambia. “Wewe ulitaka limau, mimi nikajifanya najua. Kosa hilo ni langu, likiandikwa polisi niandikwe mimi. Lakini sikubadilisha noti yako hata moja.”

Alivuta ushungi mbele, akahesabu vidole vyake kwa dhikri.

Mwenye duka alirudi. Aliiokota noti yangu kwenye maji mwenyewe, akaisuuza, akamwambia fundi alete pasi ya mkaa. Fundi akapuliza majivu, akaweka kitambaa chini na kitambaa juu, na akapiga pasi kwa uangalifu kuliko alivyowahi kupiga nguo yangu yoyote. Mvuke wa sabuni ukapanda. Tuliingia ndani sote wanne. Balbu ikazimwa, pazia likavutwa.

Sikutazama noti. Nilimtazama mama usoni, kwa sababu kama ingekaa giza nilitaka nijue kwake kwanza. Niliona uso wake ukiwa mweusi, kisha nikaona ule mwanga wa buluu, hafifu, ukipanda mpaka kwenye kidevu chake.

“Subhanallah,” alisema fundi.

Haikuwaka kama zile thelathini, lakini iliwaka, na hakuna aliyehitaji kuambiwa. Mwenye duka alinyoosha ile pembe niliyoikunja. Aliweka pindo la kanzu upande mmoja, noti yangu katikati, na noti ya mama upande wa pili. Akavitazama kimoja kimoja.

“Taa yangu ni nzima,” alisema mwishowe, kama anayeitetea.

“Taa ni nzima,” nilisema. “Inaona dawa ya kung'arisha. Haijui imetoka kiwandani au kwenye beseni.”

Bado hakuridhika, na simlaumu. Aliwasha balbu, akafungua droo, akaanza upya, moja moja, bila taa. Kucha juu ya wino. Noti dirishani, uso uko. Inamisha, uzi unahama. Alipokuwa na shaka alinipa mimi niipapase, na mimi nilimpa fundi, na fundi, ambaye sasa alikuwa mwalimu kuliko mimi, alisema, “Huyu uso uko, namwona, kanuna kama mwenyekiti wa kijiji.” Kufika ya kumi mama alikuwa ameketi juu ya gunia la mchele. Kufika ya ishirini alikuwa amefumba macho. Ya thelathini mwenye duka aliishika zaidi ya nyingine zote, mpaka nikadhani basi, imepatikana moja. Kisha akaiweka juu ya wenzake na kuzigonga kaunta zilingane.

“Nzuri zote,” alisema. “Mama, nisamehe.”

Mama alifungua macho. “Polisi?”

“Polisi wa nini? Lakini Kirongwe usiende na hizi. Mjomba wa biharusi ana duka, na taa tuliagiza pamoja.”

Akazichukua zote, akasema atazipeleka benki mwenyewe na kueleza yaliyotokea, na kwenye droo akatoa nyingine za kumbadilishia. Zilikuwa noti za duka la Kilindoni, zimekunjwa, zimechoka, zina mafuta ya taa na dagaa ndani yake. Mama alizipeleka puani, akazitoa haraka.

“Mwanangu, hizi zinanuka.”

“Mama, nakuomba,” alisema, na akaunganisha viganja. “Usizifue.”

Fundi alicheka mpaka akakaa chini. Mama alicheka pia, kisha kicheko kikageuka kikawa kitu kingine, akajifuta macho kwa pindo la khanga. Noti yangu mwenye duka alinirudishia, na sikumwomba anibadilishie. Niliirudisha nyuma ya simu, ingali na joto la pasi.

Njiani kurudi tulibanana juu ya pikipiki moja nyuma ya dereva. Jioni mama alifukiza noti kwa udi mara mbili, juu ya chetezo, mimi nikipepea. Hakuzungumzia kisima wala chandarua. Nami sikuuliza.

Ijumaa tulifika Kirongwe na wanawake wa Kiegeani nyuma yetu, wanapiga vigelegele. Sinia la mahari hubebwa na mtu wa nyumbani, na mama alikuwa amelishika mwenyewe tangu tulipotoka. Mbele ya nyumba ya biharusi alisimama. Alitengeneza kitambaa, akageuka, akaniwekea sinia kichwani, akanisawazisha kwa mikono miwili kama unavyomsawazisha mtoto anayeanza kuteka maji.

Niliingia nalo. Mjomba wa biharusi alilipokea, akainua kitambaa, akashika noti ya juu na kuiweka kwenye mwanga wa dirisha. Nilimwona akiutafuta uso. Kisha pua yake ikakunjamana kidogo, akanitazama, akaitazama noti, na mama, nyuma yangu, akaanza kupiga kigelegele kwa nguvu sana.

Jumamosi boti ya Nyamisati iliondoka. Mimi nilikuwa Kiegeani, mwambani, na ndoo.